Juu ya Mieleka ya Kuigiza

Vijana wetu wa Mbulu na Hanang hubishana sana juu ya mieleka waionayo katika televisheni: mmoja asema ni vita vya kweli, wa pili asema ni uongo mtupu. Nadhani wote wawili hawakuitazama vema. Mwaka 1989 wenye mchezo huo huko Marekani walikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mshindi huamuliwa kabla. Basi ni maigizo, wala si siri. Lakini mwili unaoanguka huanguka kweli. Watazameni vijana wa Mukono, Uganda, aliowakusanya Daniel Bumba mwaka 2023: hawakuwa na ulingo wa kununua, wakajifanyia wao wa matope na mianzi. Hapo amnyanyuaye mwenziwe hana budi kumlinda shingo, naye aangukaye ndiye ampaye mwenziwe sifa. Kwa hiyo nausifu mchezo ambao aliyeshindwa ametuaminisha, kisha akaenda kwao mzima. Kijana amtupaye mwenziwe malishoni kwa kuiga tu, hajajifunza sehemu iliyo kubwa ya kazi hiyo, naye aweza kumvunja.