Dimu inawaka, ful giza: kesi ya taa za Hilux

Jirani yangu ana Hilux ya miaka ya 1990 anayobebea mizigo. Jioni moja aliiegesha mbele ya nyumba yangu ikiwa na ugonjwa wa ajabu. Alikuwa ametoa balbu zake za H4 na kufunga jozi mpya za LED. Akiwasha dimu, mwanga ni mweupe kama wa uwanja wa mpira. Akipiga ful, taa zote mbili zinazima. Na katika giza hilohilo, taa ya buluu ya dashibodi inawaka vizuri kabisa, inamhakikishia dereva kwamba ful ipo. La tatu alilisema kwa kusitasita, maana alidhani ni macho yake: akirudi kwenye dimu, ile taa ya buluu haizimi kabisa, inabaki na mwanga hafifu.

"Fundi anasema swichi ya usukani imekufa, nitafute nyingine," akaniambia.

Swichi mbovu ingeweza kueleza dalili ya kwanza. Ya pili inaikana. Kwenye gari hili taa ya buluu huwaka pale swichi inapoufungulia waya wa ful njia, kwa hiyo swichi ilikuwa inafanya kazi yake. Ukiwa na dalili tatu na maelezo yanayotosha moja tu, usinunue spea.

Nilimuuliza balbu za zamani ziko wapi. Kwa bahati zilikuwa bado kwenye droo ya gari. Tukazirudisha, na gari likajieleza lenyewe. Kwenye dimu ziliwaka kawaida, lakini taa ya buluu nayo ikawaka waziwazi. Tulipopiga ful, balbu zikatoa mwanga wa rangi ya chungwa, dhaifu kama wa kibatari. Nikainama nikachungulia ndani ya kioo: nyuzi zote mbili za balbu zilikuwa zinawaka kwa pamoja, kila moja nusu nusu.

Hapo ndipo nilipouliza swali la pili: fundi aligusa nyaya za plagi? Ndiyo. LED zilipokataa kuwaka, alichomoa pini mbili kwenye kila plagi, akazibadilisha nafasi, dimu ikawaka. Ilikuwa saa nane mchana. Ful haikujaribiwa.

Ili kuona kosa liko wapi, tuifungue H4. Ina nyuzi mbili, wa dimu wa wati 55 na wa ful wa wati 60, na miguu mitatu: mmoja wa dimu, mmoja wa ful, mmoja wa pamoja. Kwenye magari mengi mguu wa pamoja unakwenda hasi moja kwa moja, kwenye bodi, na swichi inapeleka chanya kwenye dimu au ful. Toyota nyingi za zamani zimepangwa kinyume. Chanya inatoka kwenye rilei, inapita fyuzi, inakaa kwenye mguu wa pamoja muda wote taa zikiwa zimewashwa. Swichi iko upande wa hasi: inachagua waya upi, wa dimu au wa ful, uunganishwe na bodi.

Balbu ya uzi haijali mpangilio huo. Umeme ukiingia mbele au nyuma, uzi unapata moto na unatoa mwanga. LED ni mlango wa kufungukia upande mmoja. Zile alizouziwa jirani zilitengenezwa zikitarajia hasi kwenye mguu wa pamoja. Hapa zilikuta chanya, zikakaa kimya.

Sasa tazama ujanja wa kubadilisha pini. Fundi alipeleka chanya kwenye mguu wa dimu, na waya wa dimu unaotoka kwenye swichi akaupeleka kwenye mguu wa pamoja. Ukiwasha dimu, mguu wa dimu una chanya, wa pamoja umepata hasi, LED inawaka. Ukipiga ful, swichi inaachia mguu wa pamoja na kupeleka hasi kwenye mguu wa ful, mahali LED inapotaka chanya. Mlango umefungwa, giza. Taa ya buluu inawaka kwa sababu yenyewe inahitaji tu waya wa ful upate hasi. Na ukirudi kwenye dimu, umeme kidogo wa taa ya buluu unapenya ndani ya LED kupitia mguu wa ful na kutokea kwenye mguu wa pamoja, ndiyo maana haizimi. Balbu za uzi nazo zilipokuwa kwenye plagi hiyohiyo, ful iliufanya umeme upite uzi wa dimu kisha wa ful, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukipata takriban nusu ya volti. Sababu ni moja na dalili zote zimeingia humo, hata ile aliyoionea haya.

Kulijua hili mapema hakuhitaji zaidi ya mita na dakika tano. Chomoa plagi, washa dimu, weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, gusa tundu moja moja kwa waya mwekundu. Volti 12 zikionekana kwenye tundu la dimu, swichi iko upande wa chanya. Zikionekana kwenye tundu la pamoja, na zisiondoke hata ukipiga ful, uko kwenye mpangilio wa akina Hilux.

Tulirudisha pini mahali pake, na balbu za zamani zikafanya kazi sawasawa. Lakini zilikuwa za njano, na huo unjano ndio uliompeleka jirani dukani tangu mwanzo. Fundi alikuwa amepima plagi kabla ya kumshauri LED, akakuta volti kamili, akahitimisha kwamba balbu zimechoka.

Alipima plagi ikiwa tupu. Mita hainywi umeme wa maana, kwa hiyo waya ulioliwa na kutu bado utaonyesha volti zote. Ni kama bomba lililoziba nusu: koki ikiwa imefungwa presha ni kamili, ukifungua yanatoka matone. Taa mbili za dimu zinavuta zaidi ya ampea 9, na zikiwaka ndipo ukweli unaonekana.

Kwa hiyo tulipima zikiwa zinawaka, injini ikinguruma. Betri ilikuwa na volti 13.8. Kutoka chanya ya betri hadi mguu wa pamoja zilipotea 0.4, si mbaya. Kutoka mguu wa dimu kurudi hasi ya betri zilipotea 1.1. Jumla volti 1.5, karibu asilimia 11. Na balbu ya uzi haisamehe hapo: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua takriban asilimia 30. Theluthi ya mwanga wa jirani ilikuwa inaishia njiani.

Tuliufuata waya wa hasi wa swichi hadi unapofungwa kwenye bodi. Nati ilikuwa imekaza, ila chini yake palikuwa na rangi na kutu. Msasa, grisi kidogo, kukaza tena. Ile 1.1 ikashuka hadi 0.2, na ukuta wa nyumba yangu ukageuka kutoka njano hadi karibu nyeupe.

LED bado angeweza kuzifunga. Zipo zilizotengenezwa kwa magari yenye chanya kwenye mguu wa pamoja. Au angefunga rilei mbili zinazoamriwa na nyaya za dimu na ful, zikapeleka chanya kutoka betri kupitia fyuzi yake, na mguu wa pamoja ukaenda kwenye bodi. Lakini baada ya kuuona ule ukuta aliamua kubaki na H4. Kioo cha ndani cha taa yake kilichongwa kufuata mahali uzi unapokaa. LED ikikaa milimita chache pembeni, mwanga unapanda machoni mwa anayekuja mbele, na barabara yenyewe inabaki na viraka vya giza.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alijaribu dimu ikawaka, akalipwa. Ukibadilisha taa, weka balbu za zamani kwenye droo, ngoja jua lizame, elekeza gari ukutani, piga dimu, piga ful, tazama dashibodi. Kisha ndiyo utoe pesa mfukoni.