Ukurasa Mmoja wa Posa

Mbagala, Tandika, Kinondoni, hapa Dar es Salaam: posa bado inaingia nyumbani kwa karatasi. Mshenga anabisha hodi akiwa na mzee mmoja, bahasha imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na pesa ya kufungulia barua imo humo. Ndani mna ukurasa mmoja, nami nauthamini kuliko hotuba zote za ukumbini.

Kuuandika ni kazi. Anayeijua huanza na salamu kwa wazee, akawataja wa upande wake, ndipo amlete kijana: mtoto wa nani, anakaa wapi, anaomba nini. Hamsifu mno. Binti humtaja kwa jina kamili, maana nyumba inaweza kuwa na mabinti watatu. Mahari haigusi, hiyo ni kauli ya wenye binti, nao watajibu kwa barua yao, pamoja na mkaja wa mama na kilemba cha baba. Kisha sentensi za mwisho zinawaachia wenye nyumba nafasi ya kukataa bila mtu kuvunjiwa heshima. Hapo ndipo penye ufundi, na wengi hapo hawafiki.

Barua hizi hunikumbusha Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mabinti wa jumba lile walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, angali msichana, aliandika barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Sultani Majid, ambaye baadaye aliianzisha Dar es Salaam. Lakini yeye mwenyewe aliolewa ugenini. Alitoroka Unguja mwaka 1866, na tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, akabatizwa na kuolewa siku hiyohiyo na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Kwa ndoa ile hapakuwa na namna ya bahasha kupelekwa kwa ndugu zake.

Siku hizi vijana wengi wananakili barua kutoka kwenye simu, wakabadilisha majina tu. Kijana unayetaka kuoa, usifanye hivyo. Mwendee mzee wa mtaani mwenye mwandiko, muiandike pamoja. Nanyi wazazi, mpeni binti aisome kabla hamjajibu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili.