Sauti Sitini na Nane

Kishikwambi changu kilianza kazi kwa kuhesabu watu. Kilipita mlango kwa mlango katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vile viligawiwa walimu, nami nikapata kimoja. Darasa la Tano nina wanafunzi 68. Wenzangu waliniuliza kifaa kimoja kitawafaa nini watoto wote hao, na swali lao lilikuwa la haki.

Jibu nililipata kwenye somo la sehemu. Nilitoa swali la 1/2 + 1/3, na madaftari yakanirudia na 2/5, moja baada ya jingine. Ningeweza kutia alama ya kosa tukaendelea. Badala yake nilifungua kinasa sauti, nikawa namwita mtoto mmoja mmoja chini ya mwembe: "Nieleze umefikaje hapo, mwanangu." Nusu dakika kila mmoja, wakati wa mapumziko, kwa siku tatu.

Usiku nikasikiliza. Mmoja alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, tena kwa kujiamini kabisa. Mwingine alijua kuwa asili lazima zilingane ila hakujua azilinganisheje, akaishia kufuata wenzake. Wa tatu, mvulana ambaye tangu Januari sijamsikia akijibu swali, alinong'ona kwamba hajui ule mstari kati ya tarakimu una kazi gani. Daftarini kosa ni moja. Masikioni mwangu yalikuwa matatu.

Huo ndio ufundi ninaousifu, na sijapata kuipenda kazi yoyote kama ninavyoupenda: kumpima kila mtoto kama fundi cherehani anavyompima mteja, begani, kifuani, mkononi, kabla hajagusa kitambaa. Nawaheshimu sana waliofanya majaribio ya Global Learning XPRIZE mkoani Tanga, yaliyofikia tamati 2019, ambapo watoto wasiokwenda shule walijifunza kusoma Kiswahili kwa vishikwambi, kila mmoja kwa mwendo wake. Kazi ile ilinipa moyo. Ila kuuliza "umefikaje hapo" na kulisikiliza jibu mpaka mwisho, hiyo bado ni kazi ya mwalimu.

Jumatatu nililigawa darasa. Wasioujua mstari walipewa machungwa na kisu kimoja, chini ya uangalizi wa kiranja. Waliokwama kwenye asili walikunja vipande vya karatasi, nusu, theluthi, sudusi. Wale wa kujiamini nikawaita kwenye kishikwambi, kumi kumi. Nilifungua GeoGebra, programu ya bure ambayo Markus Hohenwarter alianza kuitengeneza huko Salzburg, Austria, mwaka 2001, na ambayo ukishaipakua haidai bando. Nilikuwa nimechora mistatili miwili ya urefu sawa. Msichana mmoja aliburuta kidole mpaka rangi ikajaza nusu ya mstatili wa juu. Kwenye wa chini akajaza 2/5, jibu lake mwenyewe. Akatazama. Akarudisha kidole mwanzo, akaburuta tena, polepole zaidi.

"Mwalimu, nimeongeza, mbona imepungua?"

Sikumjibu. Wenzake tisa walikuwa wameshainama juu ya kioo wakibishana, na nyuma yangu alisimama yule mvulana wa mstari, mikono ikimnata maji ya chungwa. Alikuwa anangoja zamu. Alitaka kurekodi upya.