Neno Lililomzidi Msemaji

Wengi wasomao Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969), huuliza: je, maji yalikuwa uongo? Sisi twaona swali hilo halitoshi. Kinjeketile wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Hata hivyo tarehe 30 wapiganaji walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge, wakalizingira hadi Septemba. Maji hayakuzuia risasi za bombomu, lakini makabila yalikwisha kuungana. Ndiyo maana, katika tamthilia, Kinjeketile akataa kulikana neno lake: limekuwa la watu. Nasi wa Kigoma tunao ushahidi wetu. Meli iliyoshushwa ziwani 1915 kwa jina la von Götzen, gavana aliyevizima vita hivyo, tangu 1927 yaitwa Liemba. Jina lake lilifutwa. Neno lile twalisoma hadi leo.