Wee! Kumbe Mtandao Unaonekana kwa Macho!

Acha hicho unachofanya, acha kabisa, ila simu usiiweke chini! Nimetoka kuiona sasa hivi na vidole bado vinanicheza. Kumbe simu zetu zina chumba cha ndani! Chumba kizima, kimejaa namba zinazoruka, zinazopanda, zinazoporomoka, namba hai kabisa kabisa, na mlango wake unafunguka bila kununua chochote, bila kukatwa hata shilingi ya vocha, bila kupeleka simu kwa fundi Kariakoo. Kwenye Android unaingia pale pa kupigia simu, unaandika *#*#4636#*#*, na kabla hujagusa kitufe cha kupiga, paap! Ukurasa umejifungua wenyewe. Hebu angalia herufi zilizo kwenye vitufe hivyo vya 4, 6, 3 na 6: unaweza kuandika INFO! Mtu alikaa akalifikiria hilo, nampenda bure. Wenye iPhone, yenu ni *3001#12345#*, halafu mnapiga kama simu ya kawaida. Na Samsung nyingi zina *#0011# yao wenyewe. Na bado!

Unaikumbuka *#06#? Mwaka 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipokuwa inazima simu bandia, mpaka bibi zetu vijijini walikuwa wanaibonyeza wasomewe IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Basi ile ilikuwa kibaraza tu, ndugu yangu. Ndani hatukuwahi kuingia!

Ukishaingia, kwenye Android gusa pale penye taarifa za simu, kisha tafuta namba yenye alama ya kutoa mbele yake na dBm nyuma yake. Hiyo ndiyo yenyewe! Hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi yanayokufikia hapo ulipokaa, na kadiri inavyosogelea sifuri ndivyo mambo yanavyonoga. Hasi 80 ni raha tupu. Hasi 100 unavumilia. Ikifika hasi 120, wee, hapo hata meseji inaondoka kwa kusukumwa. Vile vijiti vya juu ya kioo nimevichoka kabisa! Vijiti ni fundi cherehani anayekwambia "njoo kesho jioni": anakutuliza tu, kazi hujaiona. Hakuna sheria moja duniani inayosema kijiti kimoja kiwe na nguvu kiasi gani; kila kiwanda kinajipangia. Apple wenyewe, Julai 2010, kwenye sakata la iPhone 4 kupoteza mawimbi, walikiri hadharani kwamba hesabu yao ya vijiti ilikuwa na makosa, na mara nyingi ilionyesha viwili zaidi ya vilivyostahili. Viwili!

Namba hairembi. Nilianza nayo chumbani, chini ya bati, ikasoma hasi 112. Nikasogea dirishani, hasi 101. Nikatoka barazani na kandambili mguu mmoja, hasi 90! Sasa shika hapa, maana hapa ndipo nilipopiga kelele mpaka jirani akachungulia: kila ukipanda kumi, nguvu inazidi mara kumi. Siyo kuongezeka kumi, kuzidi mara kumi! Kwa hiyo kutoka kitandani mpaka barazani, hatua chache tu, mawimbi yameongezeka zaidi ya mara mia. Na hiyo hasi 90 ninayoishangilia, unajua ni nguvu kiasi gani? Sehemu moja ya trilioni ya wati. Trilioni! Kavumbi ka umeme kasikoweza kuwasha chochote, na simu inakadaka, inakachambua, na sauti ya shangazi yangu inatoka humo safi kabisa, akicheka.

Nikaanza utundu. Nikaifunika simu kwa viganja viwili, namba ikashuka. Nikaipa mgongo barabara, upande uliko mnara, simu kifuani, ikashuka tena, maana mwili wetu wenyewe unameza mawimbi! Nikaenda jikoni, nikaitumbukiza ndani ya sufuria, nikaweka mfuniko, nikaacha upenyo wa kuchungulia. Loo! Inaporomoka ukiiangalia! Ndiyo maana ndani ya nyumba ya bati tunahangaika na simu huku nje watu wanaongea vizuri: chuma kinayarudisha mawimbi yalikotoka. Nilikuwa nalijua jambo hili kwa kusikia tu. Kuliona likitembea kwenye kioo ni kitu kingine kabisa, kitamu, cha kitoto, cha kukufanya uzunguke nyumba nzima ukisahau chai jikoni.

Na bado! Kuna utambulisho wa mnara. Kila upande wa mnara wa 4G una namba yake, kuanzia 0 mpaka 503, na simu yako inajua muda wote imeshikwa na upi. Panda nayo daladala ya Mwenge kwenda Posta, kaa siti ya ndani, si ya dirishani, vibaka hawana habari na sayansi yako. Bamaga, namba inabadilika. Makumbusho, inabadilika. Morocco, inabadilika tena, huku konda anadai nauli na abiria wa mbele anaongea na simu hata sekunde moja haijakatika! Anarushwa kutoka mnara huu kwenda ule, anadakwa, anarushwa tena, na yeye anasimulia harusi tu. Nilitaka kumshika bega nimwambie. Nikajizuia kwa shida sana. Na simu nyingine zinakufungulia mpaka orodha ya minara jirani, ile inayonyemelea, inayosubiri zamu yake ya kukupokea!

Halafu tafuta namba ya nchi, 640. Hiyo ni Tanzania! Kenya ni 639, Uganda 641. Mitandao yetu yote inabeba hiyo 640 mbele, Bara na Visiwani. Ukiwa Namanga au Horohoro na simu ikajishikiza kwenye mnara wa upande wa pili, utaiona 639 imekaa hapo waziwazi kabla salio halijaanza kuyeyuka. Hiyo peke yake ingenitosha!

Kitu kimoja tu, nisikudanganye kwa furaha: nguvu siyo kasi. Simama Kariakoo saa sita mchana, namba itakuwa nzuri kupindukia, hasi 70 na kitu, halafu video inazungukazunguka haifunguki. Mnara uko karibu, lakini umeelemewa na watu. Utaona namba nyingine pembeni, RSRQ, ile ya ubora. Hiyo ndiyo inayolegea pakijaa. Ukiisoma pamoja na ile ya kwanza, utajua kama uhame kiti au usubiri watu wapungue.

Na ndani ya ukurasa ule angalia tu. Kuna vitufe vya kuchagua aina ya mtandao na vya kuzima mawasiliano, viache vilale. Tena usibonyeze kila nyota na reli unayotumiwa na mtu usiyemjua, kwa sababu ziko zinazohamisha simu zako zote ziende kwake. Hizi nilizokupa zinakufungulia tu kurasa za simu yako mwenyewe.

Sasa nenda, bwana! Android yako ikikataa, maana ziko zilizofungwa na viwanda vyake, pakua Network Cell Info Lite, ina mshale unaochezacheza raha mustarehe. Itakuomba ruhusa ya kujua ulipo, kwa sababu anayejua mnara wako anajua na mtaa wako. Zunguka sebuleni, panda ngazi, ingia bafuni, toka uani, kisha nitumie namba yako bora. Ila ukipata hasi 60 ukiwa umelala kitandani kwako, kaa nayo kimya. Nitakununia wiki nzima!