Kongamano la programu lifunguliwe kwa kadi ya kliniki

Makongamano ya waandishi wa programu yameshapiga hodi kwetu. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, na iliyofuata ikafanyika Arusha Agosti 2025. Katika mikusanyiko ya namna hii wageni hawalingani. Yupo aliyeandika programu miaka kumi, na yupo mwalimu wa kompyuta kutoka Makambako au mtunza takwimu wa zahanati kutoka Kidugala, mkoani Njombe, anayesikia kwa mara ya kwanza habari za klasi, yaani kiolezo, na obijekti zinazoundwa kutokana nacho. Mapokezi tuliyoyazoea humtunza mgeni huyo kwa beji, chai na salamu za mgeni rasmi, kisha mzungumzaji wa kwanza humwonyesha mchoro wa Mnyama anayezaa Mbwa na Paka. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo anapopotezwa. Kukaribisha watu kwenye taaluma hii ni kazi ya kiufundi, na inafanyika vizuri pale mgeni anapoingizwa kupitia shughuli anayoijua kuliko mwenyeji wake.

Historia ya taaluma yenyewe inaunga mkono hoja hiyo. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliounda lugha ya Simula huko Oslo katika miaka ya 1960, walitaka kuiga kwenye kompyuta mifumo halisi yenye foleni, mashine na wateja. Klasi na urithi (klasi moja kuchukua sifa za nyingine), kama tunavyovijua leo, vilitokana na hitaji hilo. Django, zana ya kuundia tovuti, nayo ilianza mwaka 2003 ndani ya gazeti la Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, ambako kazi ya kila siku ilikuwa kuchapa habari kwa kukimbizana na muda. Mwaka 2014, Ola Sitarska na Ola Sendecka walipoanzisha warsha za Django Girls kwenye kongamano la EuroPython mjini Berlin, waliandika somo linalofuata njia hiyohiyo ya kuanzia kwenye kazi halisi. Paka yumo, mwenye rangi, umri na mmiliki, lakini anapita haraka. Mwanafunzi hupelekwa kwenye makala ya blogu: ina kichwa, maandishi, mwandishi, tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kuchapishwa, na ina kitendo kimoja, kujichapisha. Mwisho wa warsha anaondoka na kitu kinachofanya kazi, na klasi ameielewa kwa sababu ameihitaji.

Kwa mgeni wa Njombe, blogu huenda isiwe karibu sana. Kadi ya kliniki ya mtoto iko karibu. Mwambie mwanafunzi aliyesoma vitabuni aunde klasi ya Mtoto, na mara nyingi ataandika jina, umri na uzito. Mhudumu wa kliniki atamkosoa papo hapo. Umri hauandikwi, unahesabiwa kutoka tarehe ya kuzaliwa, la sivyo kesho utakuwa uongo. Uzito nao si mali ya mtoto, ni mali ya hudhurio: mtoto yuleyule ana uzito wa Machi na uzito wa Aprili, na bila kuvitenganisha huwezi kuchora mstari unaoonyesha kama anakua au amekwama. Chanjo ya surua na rubella hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, kwa hiyo obijekti ya Mtoto inapaswa kujibu yenyewe kama amechelewa, bila kila sehemu ya programu kukariri kanuni hiyo upya. Hapo mgeni amejifunza kuficha data, kugawa majukumu na kuhusisha obijekti, na mwalimu wake mkubwa amekuwa mtu anayejaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya.

Urithi, sehemu inayowapoteza wengi, unafundishika vilevile. Mpenda michoro ataunda klasi ya Kituo, chini yake Zahanati, KituoChaAfya na Hospitali. Mchoro unapendeza mpaka zahanati inapopandishwa hadhi. Obijekti iliyozaliwa Zahanati haibadiliki kirahisi kuwa ya klasi nyingine, lakini jengo ni lilelile na takwimu zake za miaka iliyopita ni zilezile. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, walikofundisha Dahl na Nygaard, na unaotumika Tanzania, umelikwepa tatizo hilo: vituo vyote ni aina moja ya obijekti, na hadhi ya kituo inawekwa kwa kukipanga kwenye kundi. Hali kadhalika mipaka. Mkoa wa Njombe ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Wanging'ombe ikawa wilaya, Kidugala ilibadili mkoa na wilaya bila kuhama hata hatua moja. Mfumo unaoweka eneo kama uhusiano unaobadilika unahimili jambo hilo. Uliolichimbia ndani ya klasi unalazimika kuandikwa upya.

Wapo watakaosema kongamano ni la wabobezi, na kwamba mifano ya zahanati ni ya darasani. Lakini swali la zahanati iliyopandishwa hadhi ndilo wabobezi wanalobishania: urithi utumike wapi, na wapi obijekti ziunganishwe tu. Go, lugha iliyotangazwa mwaka 2009, haina urithi wa klasi kabisa. Wengine watasema basi mtindo huu wa klasi na obijekti umepitwa, kwa nini kuwakaribisha watu humo? Kilichopungua thamani ni mti mrefu wa klasi. Swali la nani anamiliki data gani na nani anaruhusiwa kuibadilisha halikwepeki katika lugha yoyote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfano wa sehemu moja unawatenga wa kwingine. Ni kweli, mgeni kutoka Accra hajui MTUHA. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza kazi hiyo, na kumsikiliza mwenye kazi kabla ya kuandika msimbo ni nusu ya ufundi wenyewe.

Kwa hiyo waandaaji waifupishe itifaki, na saa ya kwanza baada ya ufunguzi waitoe kwa kazi moja halisi, ikielezwa na anayeifanya. Meza zichanganywe, mzoefu mmoja kwa wageni wawili au watatu, na kila meza itetee mchoro wake mbele ya mwenye kazi. Mapokezi yatakuwa yamefaulu ikiwa kufikia mchana mtunza takwimu wa Kidugala ameweza kumwonyesha mzoefu wa Dar es Salaam kosa ndani ya klasi yake, na mzoefu huyo akalirekebisha.