Nguzo Isiyosimama: Jukwaa Katika Tamthilia ya Penina Muhando

Penina Muhando, aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa bado kijana ilipochapishwa tamthilia yake *Hatia* mwaka 1972. Aliandika, akafundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akazipeleka sanaa hizo vijijini. Vipaji hivyo havitengani, na ndivyo vinavyotufungulia *Nguzo Mama* (1982).

Katika mchezo huu wanawake wa Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Wanawake hao huitwa kwa namba, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane. Yuko msomaji awezaye kudai kwamba hawa ni vivuli tu vya watu. Dai hilo lina nguvu kitabuni. Jukwaani nguzo ina uzito: kila mmoja anapoiacha akaenda zake, twaona mzigo ukiwaelemea waliobaki, na namba zile zinakuwa hesabu ya mikono inayopungua. Naye Bi Msimulizi, mfano wa mtambaji wa ngano, anawafanya watazamaji kuwa mashahidi.

Basi tukiendelea kuifundisha tamthilia kana kwamba ni riwaya yenye majina pembeni, tutamhukumu mtunzi kwa kosa lisilo lake.